Mhariri wa Herufi M na Meza Iliyosubiriwa Nyumbani

Baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya kamusi, mhariri wa herufi M anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Sisi tuliomzoea kwa jina la Mzee Meza tunamuaga kwa upendo, na kwa ahueni kidogo.

Alikuja kijana mbichi, akakabidhiwa herufi M, akaweka msimamo: haandiki maana asiyoiishi, na kitu hakiingii nyumbani kwake kabla neno lake halijakamilika. Mlango aliumaliza mapema, jambo ambalo majirani wanalishukuru. Mto wa kulalia ulichelewa. Shemeji yetu, mkewe, alilalia sweta lililokunjwa. Lakini meza! Watoto wao walisomea sakafuni hadi wakaoa na kuolewa.

Si uvivu. Neno lilimpeleka puta. Alilifuata kutoka kwetu hadi Kireno, na kutoka Kireno hadi Kilatini, na kila alipogeuka likamzalia jambo jipya. Kwa Wareno ni pia jopo linaloongoza kikao, basi akatuundia jopo ili aonje. Jopo hilo halijavunjwa hadi leo, wala halina ajenda. Kwa Wahispania ni pia mlima wenye kilele bapa. Mlima hatuna, akapanda paa la ofisi, akakaa huko juma zima. Chai tulimpandishia kwa ndoo na kamba. Alishuka na mafua na sentensi moja nzuri sana.

Ikabaki Kiromania, ambako neno hilohilo ni meza na pia ni mlo. Hapo alikwama miaka. Alikula kwenye meza zetu zote, peke yake, akasema maana bado haijamwingia.

Wiki iliyopita shemeji alifika ofisini na sufuria ya chakula, akasukuma makaratasi pembeni, akavuta kiti. "Baba, nimezeeka nikila chini," alisema. "Leo tunakula hapa, uandike usiandike."

Wakala pamoja mezani kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Mzee alipomaliza akanawa, akaandika maana ya mwisho, akalia bila aibu. Tukalia naye, jopo zima.

Mzee wetu, asante kwa kila neno. Meza yako tumeshaipakia kwenye gari la ofisi. Shemeji amekaa nayo huko nyuma na amekataa kushuka. Nenda, chakula kisipoe, na maisha yawe mema kwenu wote wawili.