Vidonge vya Mama

Nilikaa nyuma yao basini, gazeti mkononi, maana yake nilikuwa nasikiliza.

"Tangu baba afariki, mama hapati usingizi," mwanamke mmoja alikuwa akimweleza mzee aliyekaa naye. Alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Basi kila Jumamosi nampelekea vidonge vya usingizi. Ananiambia, 'Wewe peke yako ndiye unayenijali, usiwaambie wenzako.' Kichwa kikanivimba. Kumbe kaka anapeleka Jumatano, mdogo wetu Jumapili, na kila mmoja kaambiwa hayo hayo."

"Vidonge hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mzee wangu. Juzi kaanguka bafuni, kavunjika nyonga. Daktari akauliza anameza vingapi kwa siku, sote watatu tukajibu kimoja."

Mzee akakohoa. "Msimlaumu. Nyumba ikishanyamaza, anabakiwa na nini zaidi ya kutembelewa?"

"Simlaumu yeye. Mimi ndiye niliyepeleka vidonge, nikarudi na sifa."

Nami nikafungua ukurasa ambao nilikuwa nimeshausoma.

Basi likasimama kituoni. Mzee akainuka taratibu, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine umefunika mfuko wa shati.

"Na wewe baba, usingizi unapata?" fundi akamuuliza.

"Nalala vizuri sana, mwanangu. Watoto wangu wananijali," akasema, akishuka ngazi. "Kila mmoja na siku yake."