Tarehe Zilizo Nyuma ya Mimbari

Waombolezaji wapendwa, haya ndiyo maisha ya marehemu mchungaji wetu, kama familia ilivyoyakusanya na kama anavyowasomea binti yake wa pili, nanyi mnaombwa kwa heshima myasikilize mkiwa mmetulia, bila kuegemea ukuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1954 na kumaliza Novemba 1961, kisha akashika mwiko chini ya baba yake kwa miaka saba, na kazi ile ikamkaa mwilini kiasi kwamba hata alipokuwa mchungaji, akiingia nyumba ya mtu aliangalia kuta kwanza ndipo akasalimia. Alijiunga na chuo cha theolojia Januari 1969, na tarehe 2 Desemba 1973 akawekewa mikono kuwa mchungaji.

Tarehe 17 Agosti 1975 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati, wakajaliwa watoto watano, ambao wanne wapo hapa. Mkewe ndiye wa kwanza kuona kwamba amepata mume asiyeweza kuacha kitu bila tarehe, kwani baba yake mwashi alimzoesha kuandika kila kitu kwa penseli, basi balbu ilitiwa tarehe siku ya kufungwa, kiatu kipya kikatiwa chini ya soli, na mama huyo hadi leo huwaambia wageni kwamba yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Watoto wa Shule ya Jumapili walimwita Baba Tarehe, naye aliitika.

Alifika katika usharika huu tarehe 6 Januari 1980 na kuutumikia kwa karibu miaka thelathini na minne, akabatiza, akafungisha ndoa, akazika, akapatanisha ndugu waliokuwa hawapeani hata moto, na wengi mlioketi hapa mnajua alivyokuwa anakaa na mgonjwa saa nzima.

Tarehe 9 Juni 2009, akivaa joho katika chumba kilicho nyuma ya mimbari, aliona ufa wenye urefu wa kiganja katika ukuta unaobeba kenchi za paa hili, akachora mstari pale ulipoishia na kuandika tarehe. Kufikia Septemba 2011 ufa ulikuwa umepita kimo cha mtu, na baraza la wazee wa kanisa likakutana kuamua, ama kufunga jengo na kubomoa ukuta, ama kupiga plasta na kupaka rangi, kwa kuwa zilibaki siku kumi tu kabla ya sherehe ya miaka hamsini ya kanisa na wageni walikwisha alikwa. Wazee sita walitaka hivi na sita vile, na kwa utaratibu wetu mwenyekiti, ambaye ni mchungaji, hapigi kura mpaka kura zilingane. Marehemu alichagua plasta. Familia inalisema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe alitaka lisemwe, na alikuwa akituambia mezani kwamba siku ile alipiga kura kama mwenyeji wa sherehe, huku fundi aliyemo ndani yake akijua anachofanya.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2013. Plasta ilipasuka mwaka 2016, na tangu hapo alikuja kila Ijumaa na penseli yake, nasi wanawe, Mungu atusamehe, tulidhani uzee umeanza kumchezea. Aliliandikia baraza barua tatu, na mara tatu akajibiwa kwa upole kwamba suala lake litaangaliwa baada ya sherehe fulani, maneno ambayo aliyajua vizuri mno.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba mwaka jana, akalazwa tarehe 22 Januari 2024, na tarehe 5 Februari, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa amebakiza wiki tano na ushei kutimiza miaka sabini na minane. Ombi lake la mwisho lilikuwa aagwe uwanjani. Baraza liliona si heshima kumuaga mchungaji wa miaka mingi hivyo kwenye mvua, na familia, kwa uchovu, ikakubali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, na wachungaji wenzake waliosafiri kutoka mbali.

Maneno yanayofuata hayamo katika nakala mlizo nazo mikononi. Mstari wa mwisho wa marehemu ni wa tarehe 19 Januari, na leo, ibada ikiwa imeshaanza, mhudumu wa kanisa alimwita binti huyu anayewasomea nyuma ya mimbari akamwonyesha kwamba ufa umeupita kwa shubiri mbili na nusu. Watoto wamekwisha tolewa wakati huu wa kusoma, milango yote mitatu iko wazi, na hatukuanza na habari hii kwa kuhofia mngekanyagana. Kinanda kisipigwe, kengele isiguswe. Viti vya nyuma vianze sasa, taratibu, kisha vya katikati, na wanawe wanne tutalibeba jeneza mwisho.

Pumzika kwa amani, Baba. Tunatoka.