Mama Bado Anaondoka Ndege Mpya Zikiwa Njiani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mkuu wetu wa mipango ya ndege anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Humu ofisini tumezoea kumwita Mama Bado, kwa sababu hilo ndilo jibu alilopewa kila alipoomba ndege mpya.

Alianza kama karani wa ratiba, katika chumba kinachotazamana na karakana, ambacho madirisha yake hutetemeka kila injini inapowashwa. Enzi hizo ndege zetu za safari fupi, zile nyembamba zenye ujia mmoja katikati ya viti, zilikuwa bado zinanukia upya. Alipokabidhiwa idara zilikuwa zimezeeka. Zilikunywa mafuta kupita kiasi, na vipuri vyake vilikuwa vimeanza kuadimika. Akaiambia bodi mapema kabisa kwamba anayetaka ndege mpya hupanga foleni kiwandani kwa miaka, basi tuagize sasa. Bodi ikamshukuru sana, ikamwambia bado.

Ubaya ni kwamba aliyekuwa akimwangusha ni mumewe. Yeye ndiye fundi mkuu wa karakana, na sisi wa mipango tunamwita Shemeji. Kila mke alipoandaa hoja kwamba ndege fulani imefika mwisho, mume aliiingiza karakanani, akaifungua yote, na baada ya wiki kadhaa ikatoka inang'aa, salama, na vibali vyote mkononi. Mkurugenzi akichungulia dirishani aliuliza mbona inaruka vizuri tu. Shemeji katuharibia tena, tulisema kwa kununa, na Mama Bado alicheka nasi, ingawa mwaka hadi mwaka kicheko kilipungua. Nyumbani kwao watoto walipiga marufuku habari za ndege wakati wa kula, na hata sisi wageni tulikanywa mlangoni.

Kuna asubuhi moja ya mvua Shemeji alikataa katakata kuiruhusu ndege iondoke, kwa kuwa kipuri kilichohitajika kilikuwa hakijafika kutoka ng'ambo. Abiria wakakwama. Haikuwa kazi yake, lakini Mama Bado alishuka ukumbini kutukanwa pamoja na dada zetu wa kaunta. Bibi mmoja hakumtukana. Alimwambia tu kwamba mwanawe anazikwa leo saa nane. Mama Bado alirudi juu, akavua viatu, akakaa, na siku ile hakuwasha kompyuta. Tulidhani amekata tamaa. Kesho yake aliomba ndege tena.

Mwaka jana aliingia kwenye kikao cha bodi akijua ni mara yake ya mwisho. Kukataliwa hakukumtisha, alishazoea. Alichoogopa ni kuondoka na kutuachia kazi ileile, na abiria walewale kwenye mabenchi. Mwenyekiti, kama kawaida yake, akamgeukia fundi mkuu na kumuuliza iwapo ndege hizi zinaweza kusukuma miaka mingine mitano. Tukainamisha vichwa, maana jibu lake tulilijua. Shemeji alisimama, akapangusa mikono kwenye ovaroli ingawa ilikuwa safi, akasema zinaweza. Halafu akaongeza kwamba asiyeweza tena ni yeye, akaketi. Mkewe hakumtazama, ila tulimwona akimsogezea glasi ya maji. Bodi iliidhinisha ununuzi kabla ya chai.

Ndege ya kwanza itatua mwakani, yeye akiwa nyumbani. Tulimwambia hiyo ni kuonewa. Akatujibu kwamba amechoka mno hata kuona uchungu, na badala ya hotuba ya kuaga akatuachia agizo moja: tuanze sasa hivi kuomba ndege zitakazochukua nafasi ya hizo mpya, kwa sababu kusikilizwa huchukua muda.

Asante, Mama, kwa kutusemea miaka yote ambayo hakuna aliyekuwa akisikiliza. Wiki hii tumepeleka ombi la kwanza, na tayari tumechoka. Tunakutakia siku njema na usingizi mzito, wewe na Shemeji, na mkijaliwa mpumzike kidogo na kwa niaba yetu.