Sahani ya Mwingine

Macho hayana pazia, na masikio ya Luhende pia, pale kwenye benchi la mwisho la kivuko cha Kamanga. Mbele yake dada mmoja, mtafiti wa saikolojia, alimweleza bibi aliyeketi kando yake: "Wasichana wanaokataa chakula tunawafundisha kutafuna polepole, wasikilize kila tonge."

"Mjukuu wangu mlimfundisha. Sasa anakula, ila akisikiliza anamsikia mwingine akitafuna."

"Hofu tu hiyo, bibi."

"Huyo mwingine nikamwekea sahani yake. Hofu gani, mwanangu, inayomaliza ugali?"

Luhende akaacha kutafuna karanga zake.

Kivuko kikagusa ukingo, injini ikazimwa. Nyuma ya Luhende, ambako palikuwa na ziwa tu, mtu akaendelea kutafuna, polepole.