Mama Katiba Aondoka kwa Sheria Aliyoiandika Mwenyewe

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika makao makuu ya Umoja wa Kimataifa wa Mafundi Cherehani, Afisa wetu wa Sheria na Uhusiano na Serikali, ambaye dunia nzima ya sindano na uzi inamjua kama Mama Katiba, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Hakufukuzwa, haumwi, na umri wa kustaafu haujamfikia. Anaondoka kwa sababu ya kifungu cha katiba alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, na kifungu hichohicho ndicho kilichoiokoa ofisi hii tunayonywea chai.

Katibu Mkuu alipouliza nani ataandika wasifu huu, wasomi wa ofisi waliangaliana kama watu walioulizwa nani kavunja kikombe. Mimi, dereva wa Umoja, nikasema leteni karatasi. Shule yangu ilikuwa fupi kama kaptula, lakini nimebeba mabalozi, mawaziri na viongozi wa mafundi kutoka mabara yote, na mtu akikaa kiti cha nyuma kwenye foleni husema mambo ambayo hata mkewe hajawahi kuyasikia. Kwa elimu ya dunia, mimi ni profesa. Na Mama Katiba nimemwendesha tangu gari letu likiwa lile lililokuwa likiwaka kwa kusukumwa.

Alianza kazi Umoja ukiwa na vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, ngazi ya chuma nje, na feni moja iliyohamishwa kutoka meza hadi meza kwa zamu. Alikuwa wakili kijana mwenye vyeti vya kutisha. Kaka zake walimcheka kwamba amesoma miaka yote ile ili akatetee suruali. Akawajibu, zisipotetewa mtatoka nazo vipi nje? Kuanzia siku hiyo kaka zake wakawa wapole, na mmoja wao mpaka leo hushonewa na mafundi wetu kwa punguzo.

Watu hudhani chama cha kimataifa ni kupanda ndege na kupiga picha za pamoja. Laiti wangejua! Umoja huuhuu, nchi moja inautambua kama klabu, nyingine inausajili kama kampuni, nyingine inasema ni chama cha wafanyakazi, na kuna mahali fundi wetu alikamatwa na polisi kwa sababu tu alikuwa mwanachama wa kitu chenye makao nje ya mipaka. Mama Katiba ndiye aliyeandika, akapiga simu, akabembeleza, akaandika tena, mpaka fundi yule akarudi kwenye cherehani yake na polisi aliyemkamata akaacha suruali apunguziwe kiuno.

Hapa tulipo napo tulizungushwa. Mambo ya Nje walisema sisi ni wa Mambo ya Ndani. Mambo ya Ndani wakasema nguo ni biashara, nendeni Biashara. Biashara wakatupeleka Utamaduni, kwa kuwa vazi ni utamaduni wa mtu. Utamaduni wakatuuliza kama tuna kikundi cha ngoma. Mimi niliegesha kwenye viwanja vya wizara zote hizo na walinzi wa mageti yote wananiita shemeji. Mama yeye alikuwa akitoka kila ofisi na tabasamu lilelile, anaingia garini, anavua viatu, anasema, “Twende kwa wengine, baba. Serikali ni nyumba kubwa, mwenye chumba hawezi kukosekana.” Na kweli hakukosekana. Alikuwa Msajili wa Jumuiya, ghorofa ya chini kabisa ya jengo la Mambo ya Ndani, mlango tuliokuwa tukiupita kila siku.

Siwezi kuuacha mkasa wa uwanja wa ndege. Fundi wa kweli haachani na mkasi wake hata akienda harusini. Mwaka mmoja wajumbe wa mkutano mkuu walikuwa wakirudi makwao, na kila mmoja alikuwa na mkasi kwenye begi la mkononi. Askari wa ukaguzi akatoa wa kwanza, akatoa wa pili, kufika wa saba akaita wenzake kwa redio. Wajumbe wakakataa katakata kuiacha. Mmoja alisema mkasi ule ulikuwa wa marehemu baba yake, ndege iende tu. Mama Katiba alifika, akasikiliza pande zote, kisha akatandaza mtandio wake sakafuni, akaifunga mikasi yote kama mtoto mchanga, akaipeleka ikasafiri na mizigo mikubwa chini ya ndege. Mtandio ulirudi kwa posta, umeshonwa pindo jipya.

Sasa tufike kwenye shughuli yenyewe. Mwaka jana serikali ilitunga sheria mpya ya vyama vyenye makao ya kimataifa. Chama kionyeshe wanachama wake ni akina nani, kionyeshe namna ya kupiga kura, na kiwe na ukomo wa uongozi. Kisichotimiza hayo kabla ya mwaka kwisha, usajili unafutwa na ofisi inafungwa. Mtu asije akasema ni jambo dogo. Ofisi kufungwa maana yake wahasibu, wakalimani, mpishi wa chai na dereva mwenye watoto wanne wanaosoma, wote nje. Na mafundi wa nchi ndogondogo, ambao hawana wa kuwasemea popote, wabaki kama uzi uliotoka kwenye sindano.

Katiba yetu ya zamani ilikuwa viraka vitupu. Mama Katiba akaandika rasimu mpya. Hapo ndipo tulipojua kwamba kuwaongoza mafundi cherehani ni kazi ya mtume. Kila msomaji anajua, ukimpelekea fundi nguo aliyoshona mwenzake, swali lake la kwanza ni, “Nani alikushonea hii?” Na badala ya kupunguza kiuno tu, anafumua yote. Ndivyo walivyoifanyia rasimu. Kamati ya kwanza ikauliza nani kaandika hii, ikafumua. Kamati ya pili ikafumua ya kamati ya kwanza. Nchi kubwa zilitaka kura zihesabiwe kwa wingi wa mafundi, nchi ndogo zikataka kila nchi kura moja. Vikao vitatu vilikwisha na hakuna hata sentensi moja iliyosalimika. Miezi nayo ilikuwa ikiyeyuka kama barafu kwenye gilasi.

Hapo Mama akafanya jambo ambalo chuo hakifundishi. Alikuwa amekaa na mafundi miaka mingi akiwatazama wakifanya kazi, akajua kwamba fundi hubishana na fundi mwenzake, ila mteja akishapanda kwenye kigoda kupimiwa, fundi hupiga goti, huweka pini mdomoni na kunyamaza. Basi akamwalika Msajili mwenyewe kwenye mkutano mkuu. Nilimleta mimi. Njiani aliniuliza kama wajumbe ni watu wakali, nikamwambia, mheshimiwa, wakikutazama sana usiogope, wanakadiria mabega.

Mama alimweka Msajili mbele ya ukumbi kwenye kiti cha peke yake, akawaambia wajumbe kwa sauti ya upole: “Ndugu mafundi, mteja wetu huyu hapa. Nguo aliijaribu, haijamkaa. Muulizeni inambana wapi.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo nasema nilichokiona. Ukumbi uliokuwa unapiga kelele kama soko ukatulia. Fundi mmoja mzee akasimama akasema, “Pole, mheshimiwa. Hapa kwenye kura panakubana?” Msajili, ambaye naye ana akili zake, akajibu kwamba hapabani, panapwaya tu, hajui nani ana haki ya kupiga. Wakapunguza palepale: kila nchi kura moja, na mambo ya ada yaamuliwe kwa wingi wa wanachama. Na kwenye orodha ya wanachama je? Hapo panavuta kidogo begani. Wakalegeza. Kazi iliyoshinda vikao vitatu ikawa inakwenda kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Kisha Msajili akasema panapombana hasa ni shingoni. Rais wa Umoja hana ukomo.

Rais wetu, ambaye sote tunamwita kwa heshima Mzee Mkasi, alikuwepo tangu Umoja unazaliwa. Ni mtu mwema. Ametutafutia jengo, ametuzikia wazazi wetu. Lakini kiti kile kilikuwa kimemzoea, na yeye amekizoea. Akasimama, akaweka miwani vizuri, akasema hana ugomvi na sheria, ana swali moja tu. “Mimi niondoke kwa sababu nimekaa sana. Sawa. Na huyu Mama Katiba, mbona amekaa miaka ishirini na saba na hamsemi? Au mkuki ni kwa nguruwe?”

Kila mtu alijua kwamba Mzee akikataa, nusu ya ukumbi itakataa naye, theluthi mbili haitapatikana, na mwisho wa mwaka mlango wetu utatiwa kufuli. Mimi nilijikuta nahesabu watoto wangu kwa vidole, ingawa idadi yao naijua.

Mama Katiba alikuwa amebakiza miaka mitatu ya mkataba. Aliipenda kazi hii, asiwadanganye mtu. Angeweza kumjibu Mzee kwa maneno ya kisheria kwamba mwajiriwa si kiongozi wa kuchaguliwa, na Msajili angekubaliana naye. Hakujibu hivyo. Alichukua kalamu, akaongeza maneno kwenye kifungu cha kumi na mbili, akakisoma wazi: kiongozi yeyote wa kuchaguliwa na mkuu yeyote wa idara hatazidisha miaka ishirini na mitano ya utumishi, na kifungu kinaanza na waliopo. Akamgeukia Rais. “Mzee wangu, sheria ni msumeno. Twende wote.”

Mzee Mkasi akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa, akasema mtoto huyu alimwajiri mwenyewe na alijua siku moja atamkata. Mkono wa kwanza kupanda juu kupiga kura ya ndiyo ulikuwa wake.

Kabla mikono haijahesabiwa, wajumbe wa nchi ndogo walisimama wakiwa na machozi, wakaomba iandikwe “isipokuwa Mama Katiba”. Ukumbi mzima ukapiga meza. Nami nilipiga mlango, ingawa sina kura. Yeye akakataa. Aliwauliza, ninyi mafundi, nguo ya kuuzwa dukani mtaishonea kipimo cha mtu mmoja? Ataivaa nani nikifa? Kifungu kikapita kama kilivyo, theluthi mbili ikiwa imetimia, na wiki ileile Msajili akatia sahihi. Hati imetundikwa pale mapokezi, juu ya kile kiti cha wageni. Mgeni akiuliza, mwambieni imelipiwa.

Jioni hiyo nilimrudisha nyumbani. Aliniomba nizime redio, na kwangu mimi redio haizimwi hovyo, lakini nilizima. Tulipofika mzunguko wa pili akasema, “Nimejikata mwenyewe, baba, na mshono umekaa vizuri.” Akacheka, akafuta macho, akaniambia niwashe redio yangu. Nikaongeza na sauti.

Kwa wanaopenda mafanikio yaliyohesabika: Mama Katiba ameacha matawi yetu yakiwa na usajili halali katika nchi zote tulizomo, mkataba wa makao makuu uliotiwa sahihi na serikali, msamaha wa kodi wa vitambaa vya mafunzo, na viza za wajumbe zinazotoka bila mimi kulala kwenye mageti ya balozi. Amewafundisha mawakili vijana wawili wa ofisi kusikiliza kwanza na kunukuu sheria baadaye. Mmoja ameanza kuelewa. Mwingine tunamwombea.

Mume wake, mwalimu mstaafu, anamsubiri nyumbani kwa hamu kubwa, maana tangu astaafu yeye hupiga simu ofisini kila mchana kuuliza chumvi iko wapi. Wajukuu nao wamejipanga. Nasikia wameshaandaa malalamiko yao dhidi ya babu, na wanamtaka jaji.

Mzee Mkasi naye, ambaye anakabidhi ofisi siku hiyohiyo, ameniagiza niandike kwamba hana kinyongo, na kwamba wakili wa namna hii akitokea tena, aajiriwe haraka na watu wakae naye mbali.

Wiki iliyopita Mama alituita wote chumba cha mikutano, akatoa agizo lake la mwisho. Alisema anajijua. Jumatatu ya kwanza atashika simu kuuliza kama barua ya wizara imejibiwa, Jumanne atauliza nani anakalia faili la viza, na mkimjibu, kifungu cha kumi na mbili kitakuwa kimekufa kabla hakijatambaa. Kwa hiyo akatukataza kumjibu lolote la kazi. Mkalimani mkuu alilia. Mpishi wa chai aliuliza kama chai ni kazi.

Mama Katiba, dada yetu, mama yetu, asante. Umetushonea nguo ya kuvaa wote ukabaki bila yako, na hukutuonyesha hata mara moja kwamba baridi inakupiga. Nenda ukaishi vizuri, ulale mpaka jua likuchoke, ule ulichopika na ulichopikiwa, na Mungu akuongezee miaka isiyo na ukomo wa kikatiba. Jumatatu ukipiga simu tutapokea wote kwa kugombania. Tutakuuliza hali yako, ya mwalimu, ya wajukuu na ya miguu. Ukiuliza habari za barua ya wizara, tutakata simu, kama ulivyotuagiza.