Chungu Nilichonunua Mara Mbili

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mchungaji wetu, wazee wa Lyulilo, wanakikundi wenzangu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Busale, Ngonga na Matema, nanyi mliofika kwa mitumbwi tangu asubuhi: mugonile. Na wewe, Mama Tusekile, uliyekataa kiti cha mbele ukakaa mkekani karibu na vyungu vyako, nakusalimu wa mwisho kwa sababu wewe ndiwe uliyetukutanisha.

Nimeagizwa nitoe neno la kumuaga Mama Tusekile, ambaye kesho kutwa anahamia kwa binti yake Busale, kwa kuwa mikono yake imechoka kufinyanga. Nimeagizwa pia niwe mfupi. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na wanafunzi wangu walioko hapa wanajua ni agizo lipi lililo gumu kwangu.

Ndugu zangu, mnanijua kuwa mtu wa saa na wa utaratibu. Aliyechelewa dakika moja alibaki nje. Daftari lisilo na jina sikulisahihisha. Je, mlijua kwamba mtu huyo alikuwa akificha vichupa vya pombe kali ndani ya gunia la kakao? Wengine mlijua. Mlininyamazia kwa heshima, na heshima hiyo ilikaribia kuniua.

Siku binti yetu Atupele alipofunga ndoa, niliombwa nisome somo kanisani. Nilisimama, nikafungua kitabu, na mstari sikuuona. Mke wangu Maria alitoka kwenye benchi la kwaya, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama tunavyowafanyia watoto wa darasa la kwanza. Nikasoma kwa kufuata kidole chake mpaka mwisho.

Juma lililofuata muuguzi mmoja, ambaye simtaji, aliniambia kwamba wapo watu wanaokutana kila Jumamosi, siku ya soko, nyuma ya vyungu vya Mama Tusekile, wakisaidiana kuiacha pombe. Hakuna kibao, alisema, uliza vyungu.

Nilipanda bodaboda kutoka Ngonga, nikafika. Mlango niliuona: pazia la kanga, hatua tano tu kutoka kwenye vyungu. Lakini ni nani sokoni asiyemjua Mwalimu Ebeneza? Mama akaniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta chungu. Akanichagulia cha kupikia ndizi, nikarudi nacho nyumbani.

Jumamosi ya pili, chungu. Ya tatu, chungu. Nilikaa juu ya gogo nikijifanya navikagua, huku nikisikia watu nyuma ya pazia wakicheka. Sikuwa nimetazamia kwamba wanacheka. Nyumbani, Maria aliuliza jambo moja tu: kama tunajiandaa kufungua hoteli.

Jumamosi ya sita nilikigeuza chungu nilichochaguliwa, na chini yake palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa mkaa, kwa mwandiko wangu. Walimu wa zamani mtanielewa: kila chombo kinachoingia nyumbani kwangu hukiandika tarehe. Lakini jikoni siingii. Kwa hiyo sikuwa nimeona kwamba vyungu vyetu haviongezeki. Nilikuwa nimenunua chungu changu mwenyewe.

Nilidai maelezo, tena kwa ukali. Mama Tusekile hakusimama hata kidogo.

"Mwalimu," alisema, "mkeo huvirudisha katikati ya juma. Anasema ukikosa sababu ya kuja, utaacha kuja. Sasa mimi nimechoka kukuuzia chungu chako. Ingia ndani."

Niliingia. Waliokuwamo siwataji, kila mmoja atajitaja siku atakayotaka mwenyewe. Nitasema tu kwamba mmoja wao nilimfungia mlango wa darasa mara nyingi. Aliponiona alisogea kwenye benchi, akaonyesha nafasi.

"Umechelewa, Mwalimu," akasema. "Kaa hapa."

Leo ni miaka mitatu na miezi minne.

Mheshimiwa Diwani, umetuahidi kibao kikubwa chenye jina la kikundi, nasi tunashukuru. Naomba, kwa heshima yote, kisisimikwe hapa, kiwekwe zahanati. Mtu aliyefika mlangoni na aibu yake anahitaji chungu kwanza. Mama Tusekile alilijua hilo, na ndiyo maana tulipopata habari kwamba anaondoka tuliogopa. Pazia litabaki, tulisema, lakini ni nani atakayekaa nje?

Maria amejitolea. Kuanzia Jumamosi ijayo atakaa pale Mama alipokaa. Mimi sikuulizwa. Asubuhi hii amevirudisha vyungu vyote vya jikoni kwetu, na safari hii amenibebesha mimi. Ndivyo hivyo mnavyoviona vimepangwa.

Kwa hiyo, kama yumo miongoni mwenu aliyekuja kwenye sherehe hii akiwa na jambo jingine moyoni, asihangaike kutafuta la kusema. Aulize chungu. Maria atamchagulia. Na akirudi Jumamosi inayofuata akitaka kingine, na inayofuata tena, hakuna atakayemwuliza anapika nini.

Mama Tusekile, chungu chenye tarehe ya kwanza ni chako. Kipeleke Busale, upikie ndizi. Ndaga fijo, asante sana.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa. Leo ni Jumamosi. Tutaanza saa nane kamili, na atakayechelewa aingie tu.