Soli Iliyosemwa Haina ya Pili: Maisha ya Marehemu Fundi Soli

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Soli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee fundi rangi na mama mfuma vikapu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi darasa la saba, 1975. Hesabu alizipenda, kukaa kitako kulimshinda.

Mwaka 1976 mjomba alimfundisha kushona viatu, na mwaka 1982 akafungua kibanda chake nyuma ya soko. Soli zote alizikata kwa kufuata bati moja la kipimo alilorithi kwa mjomba. Bati hilo lilikuwa na pengo dogo kisiginoni, hivyo kila soli iliyotoka pale ilikuwa na pengo hilo.

Alifunga ndoa tarehe 9 Julai 1988 na binti aliyeleta kiatu kimoja mara tatu kwa wiki moja. Marehemu alimuuliza, "Dada, kisigino hiki kinakatika au unakikata?" Akajibiwa, "Fundi, gonga misumari. Maswali waachie polisi."

Maswali ya polisi yalikuja kweli, tarehe 17 Mei 2001. Mlinzi wa ghala alikuwa ameuawa, na kwenye tope ikaonekana alama ya soli yenye pengo. Mtaalamu wa alama za viatu aliiambia mahakama kwamba soli ile ni ya kiatu cha Fundi Soli mwenyewe na haina ya pili duniani. Mtaalamu huyo kibandani hakuwahi kufika, ingawa ni hatua mia mbili kutoka kituo cha polisi.

Marehemu alisimama kizimbani akasema, "Mheshimiwa, hata shemeji yangu pale nyuma ameivaa!" Shemeji akanyanyua mguu ili soli ionekane. Askari akamtoa nje kwa kuidharau mahakama. Marehemu akahukumiwa kifungo cha maisha.

Gerezani mapafu yake yaliharibika. Desemba 2019 aliachiwa kwa msamaha wa wagonjwa. Tulipompongeza alikasirika. "Msamaha wa nini? Mimi nimemwomba nani radhi?" Alichotaka ni mahakama itamke kwamba hakuua.

Kesi ilifunguliwa tena kwa rufaa. Dada yake alizunguka nyumba kwa nyumba akakusanya jozi thelathini na moja za viatu vyenye pengo lile, kila jozi na jina la mwenyewe na mwaka iliposhonwa. Oktoba iliyopita viatu hivyo vilipangwa mbele ya mtaalamu mwingine. Baada ya dakika kumi alikiri hawezi kuvitofautisha kwa pengo hilo.

Hospitalini marehemu alimuuliza binti yake kila asubuhi, "Wamesoma hukumu?"

"Bado, baba."

"Basi nipe kalenda."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nane mchana.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, kaka wawili, na shemeji ambaye mpaka leo anamwomba radhi kwa kutonyanyua mguu juu zaidi.

Wakili ametuarifu kwamba mahakama imekubali kusoma hukumu ingawa mwenye kesi hayupo. Ni Jumatano, tarehe 28 Februari, saa tatu asubuhi, chumba namba nne. Wenye nafasi tukutane mlangoni saa mbili na nusu.

Kaka, pumzika kwa amani. Sisi tutakwenda kusikiliza.